Mama Katika Vya Kuokota

Tovuti yangu ina milango miwili. Wa kwanza unaitwa Vyangu, wa pili Vya Kuokota. Ukiingia wa kwanza unasoma nilichoandika mimi, kwa kichwa changu, hata kama ni kibaya. Ukiingia wa pili unakuta vitu vya watu wengine nilivyovipenda nikavihifadhi: shairi la mwalimu mmoja wa Bukavu, maelezo ya mwanamke wa Mahoko kuhusu kutunza viazi visioze, sauti ya mzee akieleza ufukwe wa hapa Gisenyi ulivyokuwa kabla ya hoteli. Chini ya kila kitu cha kuokota naandika mistari mitatu: nani alikisema, nilikipata wapi, na kwa nini nimekiweka. Bila mistari hiyo hakiingii.

Sikuanza na ukali huu. Mwanzoni nilichanganya vyote ukurasa mmoja, cha leo juu, cha jana chini. Halafu Jumapili moja tukitoka kanisani, mama mmoja wa kwaya alinishika mikono yote miwili akanisifu kwa shairi lililomliza. Shairi halikuwa langu. Jina la mwenyewe nilikuwa nimeliandika, lakini kwa herufi ndogo, mahali ambapo jicho halifiki. Nilimwambia ukweli, akacheka, akasema, "Si ni wewe umeliweka?" Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani Mbugangari, na jioni hiyo nikatenga milango.

Kazi nayo imechangia ugonjwa huu. Niko ofisini kwa wakala wa forodha, na kutwa nashika karatasi za mizigo ya watu nikiuliza jambo moja: hii ni orijino au kopi? Kopi si kosa, mradi iseme kwamba ni kopi. Kwa hiyo kwenye makundi ya WhatsApp, mtu akituma maneno matamu yasiyo na mwenyewe, mimi ndiye ninayeuliza, "Nani ameandika hii?" Wamenichoka. Binamu yangu mmoja alisema nimeweka barrière, kizuizi cha mpakani, ndani ya simu zao, na karibu nitaanza kuwadai jeton, ile karatasi ya kuvukia mpaka ya siku moja, ndipo watume salamu. Nilicheka nao, lakini sikuacha.

Ukweli ni kwamba tovuti nzima niliijenga kwa ajili ya ukurasa mmoja. Uliitwa "Mama", na ulikuwa wa kwanza kabisa katika Vyangu. Mama yangu alikufa Goma nikiwa bado nashikilia ukuta kutembea. Homa ilimchukua haraka. Picha yake haipo. Ndugu zake walitawanyika zamani, na wa upande wa baba waliomjua wameshakufa. Chote nilichokuwa nacho cha mama kilitoka kinywani mwa baba, dereva wa lori, ambaye aliacha kazi hiyo alipofiwa, akanilea peke yake, hakuoa tena. Kila nilipolia kwa ajili ya mama, alinikalisha akanipa hadithi yake moja. Baadaye tulirudi Rwanda, na nyumbani tunasema Kinyarwanda, lakini hadithi za mama aliendelea kuzisema kwa Kiswahili cha Goma, kwa sababu huko ndiko zilikotokea. Ndiyo maana hata tovuti yangu ni ya Kiswahili.

Kulikuwa na hadithi ya mama kumkimbia mpiga picha, akajificha nyuma ya choo mpaka mtu wa watu akakata tamaa akaenda zake. Hiyo ndiyo ilinieleza kwa nini sina uso wake. Kulikuwa na ile ya mama kuimba kanisani nje ya sauti, kwa nguvu, na padri mwenyewe kuogopa kumnyamazisha. Lakini hadithi yenyewe hasa ilikuwa ya mbabula.

Ilikuwa hivi. Jirani amejifungua, mvua inanyesha, kwake hakuna moto wala mtu wa kumpikia. Mama ana sufuria ya maharage juu ya mbabula, lile jiko letu la makaa, na maharage ndiyo kwanza yameanza kuchemka. Mtu mwingine angengoja yaive, apeleke sahani. Mama alizungusha ncha za kitenge mikononi, akainyanyua mbabula na sufuria juu yake, moto ukiwaka, akavuka nayo mawe ya volkano mpaka kwa jirani, akaiweka karibu na kitanda cha mzazi. Baba alipofika hapo alisimama, akanyoosha mikono mbele, akatembea chumbani polepole kama mtu anayeogopa kumwaga. "Maharagi ilikuwa inachemuka mu njia!" alisema, nami nilicheka kila mara. Nilipokua, kila nilipoogopa jambo, mtihani, kuzaa, kumjibu bosi, nilijiambia kwamba mimi ni mtoto wa mwanamke aliyetembea na moto mikononi. Nilijiambia hivyo kwa dhati. Nilijengwa na hadithi hiyo kuliko na shule.

Nilipoiandika, baba alikuwa bado mzima wa kichwa. Nilimsomea. Akasema iko sawa, ila nipunguze mvua. Ukurasa huo ulisafiri kuliko vyote nilivyowahi kuandika. Akina mama wa kanisa waliusoma kwa sauti siku yao, na watu wakaukata kutoka kwenye tovuti, wakaondoa jina langu, wakautuma Goma, Bukavu, sijui na wapi. Jina kutolewa kuliniudhi. Ila sikuwa na wasiwasi na hadithi yenyewe. Ilikuwa orijino, na mwenyewe alikuwa ameketi barazani kwangu.

Kisha baba akaanza kusahau. Alianza na vitu vya karibu: chai aliyokunywa sasa hivi, jina la mjukuu, mlango wa chumba chake. Halafu akawa anatafuta funguo za lori aliloacha kuliendesha mimi nikiwa mtoto. Muuguzi wa kituo cha afya alinishauri nimzungumzishe mambo ya zamani, kwamba hayo ndiyo ya mwisho kuondoka. Nikaona dawa ninayo mkononi. Kila Jumamosi na Jumapili alasiri nilikaa naye barazani, pikipiki zikipita mbele yetu kuelekea mpakani, nikamsomea kutoka kwenye tovuti. Nilimsomea milango yote miwili. Alipenda. Alicheka mahali pa kucheka, na alipochoka aliinua kidole tu, nikanyamaza.

Jumapili moja wageni wa kanisa walikuja kumwombea. Baada ya maombi, baba alichangamka akawasimulia jinsi alivyompoteza ng'ombe wa babu yangu sokoni Mahoko alipokuwa kijana, alivyozunguka akilia, na alivyomkuta amefungwa nyuma ya banda la mchinja nyama, kisu kinanolewa. Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilibaki nimeshika birika la chai. Baba hajawahi kuchunga ng'ombe. Hadithi hiyo ilikuwa ya mwanamume mmoja wa Mahoko, iko katika Vya Kuokota, na mistari yake mitatu naijua kwa moyo. Sikuweza kujizuia.

"Papa, ile ni ya yule mwanaume wa Mahoko."

Alinitazama kwa utulivu. "Na mi niko mwanaume wa wapi?"

Wageni walicheka tena. Nikamimina chai.

Baada ya hapo hakukuwa na wiki bila kitu kipya. Alikuwa ameishi Bukavu na kufundisha huko. Alikuwa ameona ufukwe kabla ya hoteli. Alikula Vya Kuokota kama karanga, kimoja baada ya kingine, na kila alichokimeza kilikuwa chake. Ningeweza kuvumilia hayo, hata kuyacheka, kama asingefika kwa mama. Alifika. Siku moja alasiri aliniambia kwamba mama yangu alikuwa fundi wa kutunza viazi, kwamba alivitandika majani ya mkaratusi na kuvifunika majivu. Neno kwa neno, yalikuwa maelezo ya yule mwanamke wa Mahoko. Niliinuka nikaenda jikoni nikalia, huku nimefungua bomba ili asinisikie.

Kuanzia siku hiyo niliacha kumsomea vya watu. Nilimsomea Vyangu peke yake. Pia niliacha kumuuliza chochote juu ya mama, kwa kuogopa atakachonipa. Nilijifariji kwamba hadithi nilizoandika zamani ziko salama, maana zilitoka kwake akiwa mzima, kabla maji hayajachanganyika na unga. Nilikuwa nalinda ghala. Mume wangu aliniambia nimekuwa mwembamba wa roho, kwamba mzee hana muda mrefu, nimwache afurahie anachokumbuka. Nikamjibu kwamba yeye mama yake yupo Musanze na simu anashika, anyamaze.

Ndipo ujumbe wa sauti ukaja kutoka namba ya Kongo nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele za soko.

"Mama, habari. Samahani kukusumbua. Nimesikia hii histoire ya mbabula, watu banaitumiana. Wameniambia we njo uliandika. Bon, yote iko ya kweli. Kitu moja tu: ule mwanamuke njo mama yangu. Na iko muzima, iko hapa anakula ndizi."

Nilimjibu papo hapo, tena kwa ukali. Nilimwambia maandishi yana mwenyewe, na hadithi hiyo ni ya marehemu mama yangu, baba yangu aliishuhudia, na mtu hachukui mama wa mwenzake kama anavyochukua picha ya kuweka kwenye wasifu. Alinirudishia kicheko kwanza, halafu maneno.

"Usinikasirikie, dada. Mi nauzisha nyanya, siuzishi mahistoire. Kila siku navuka kwenu kurangua nyanya. Tukutane ku Petite Barrière, nikupeleke. Utamuuliza yeye mwenyewe."

Nilikataa. Kesho yake nilikataa tena, bila kuulizwa. Jumamosi nilikuwa mpakani asubuhi, nimeshika jeton yangu. Tangu vita vifike mjini Goma nilikuwa navuka kwa shughuli ya lazima tu, nikasimama katika foleni ile, kati ya wabeba mizigo na baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni. Alinitambua kabla sijamtambua. Alikuwa na beseni la nyanya kichwani, shingo imenyooka.

"Njo we mwenye kuandika?" akasema. "Nilifikiriaka uko munene."

Tulivuka pamoja. Nyanya alimwachia mwenzake katika mtaa wa Birere, akanipitisha vichochoro mpaka kwenye nyumba ya mbao iliyokaa juu ya mawe meusi. Mama yake alikuwa uani, mkeka chini, kweli anakula ndizi. Alikuwa mdogo wa mwili, lakini mikono yake mipana. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga.

"Unafanana baba yako," alisema. "Pole."

Nilimwomba ruhusa ya kurekodi, kama ninavyofanya kwa kila ninachookota. Alikubali kwa mkono. Nilikuwa nimejiandaa kumkamata: nilikuwa na maswali, kama ninavyowauliza wenye mizigo ofisini. Hayakuhitajika.

"Njo mi nilibebaka ile mbabula," alisema. "Na kule nilikuwa naipeleka, ni kwenu."

Sikuelewa. "Kwetu wapi, mama?"

"Kwa mama yako. Njo yeye alikuwa amezala. Alikuzalaka we, asubui, na mvua inapiga. Mu nyumba hakukuwa makala ya moto, hakukuwa mutu. Nilisikia mutoto analia, analia, nikasema: ule mwanamuke amekula nini? Maharagi yangu ilikuwa ku moto. Kuingoja iive, nikaona hapana. Nikabeba yote."

"Na baba alikuwa wapi?"

Alimtazama binti yake, kisha akanitazama mimi. "Mu njia ya Walikale, na camion. Usinisikie vibaya, hakukuwa mutu mubaya. Kule ilikuwa potopoto, camion ilikuwa inakwama siku mingi. Njo kazi yake."

Nikamuuliza mama alifanya nini. Nadhani ndilo swali pekee nililouliza siku ile kama mtoto wa mtu, si kama karani.

"Alikula. Hakuinua kichwa. Alikula mpaka akakwangua sufuria, na mi nilikuwa nimekushika we. Kisha akaniuliza kama camion za Walikale zimeingia. Nikamuambia bado. Akageukia ukuta."

Yule muuza nyanya aliweka mkono begani kwangu. Niliutoa. Sikutaka kuguswa. Nilitaka mtu aniambie kwamba bibi huyu amezeeka na anachanganya, kama baba anavyochanganya, lakini bibi hakuwa akichanganya kitu. Alikumbuka hata sufuria ilitobokea wapi. Nilimuuliza, basi baba aliipata wapi hadithi hii, tena imepinduliwa?

Akanieleza. Mama alipokufa, baba alikuwa safarini tena. Alifika wameshazika. Siku ya kutosha matanga, yaani kumaliza msiba, watu huketi pamoja na kila aliyemjua marehemu husimama kusema neno moja juu yake. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo, huku na kule. Majirani walisema. Zamu ya mume ikafika.

"Alisimama," bibi akasema. "Akafungua kinywa. Hakukuwa kitu. Alikaa pale amesimama, na watu wote wanamungojea, mpaka catéchiste akaanzisha wimbo. Mwanangu, alikuwa hamujui bibi yake, mama yako. Alikuwa anamuonaka akishuka mu camion, na kesho anapanda tena. Angelisema nini?"

Baada ya matanga baba alianza kupita nyumba kwa nyumba katika mtaa, mtoto mgongoni. Mwanamume mwenye mtoto mgongoni. Watu walicheka, bibi alisema, hata yeye bibi alicheka. Kila mlango alisema jambo moja. "Mama, unipatie neno moja ya bibi yangu. Ni ya mutoto, atakuya kuniuliza."

"Kila mutu alimupatia," bibi alisema. "Wengine walikuwa na kitu, wengine hawakukuwa. Mama yako alikuwa wa kunyamaza, hatukumujua sana. Lakini nani atamufukuza mwanaume na mutoto ku mugongo? Mutu anatoa yake. Ile ya photographe, njo ya dada yangu mukubwa. Ile ya kuimba, sijui ya nani, lakini si ya mama yako, hakuimbaka. Mi nilimupatia ya mbabula, sawa vile ilikuwa. Alikaa pale uko, akalia sana. Kisha akaenda. Sikujua ataigeuza."

Nilimshukuru. Nilimwachia sabuni na sukari nilizobeba, nikarudi mpakani peke yangu.

Nitasema nilichohisi, maana tovuti yangu haina mlango wa tatu wa kufichia mambo. Nilikuwa na hasira. Hadithi za kuazima ningemsamehe, hata zote. Mwanamume anayebisha hodi kwa majirani kumwombea mwanawe mama, ni nani atamhukumu? Lakini hii moja hakuiazima tu. Alimtoa mama yangu kitandani, alipokuwa amelala na njaa, akamsimamisha, akamtia moto mikononi, ili mtu asije akauliza mume alikuwa wapi. Na mimi nilicheka kila alipotembea chumbani kwa mikono iliyonyooka. Halafu, nikiwa katikati ya hasira hiyo, wazo lingine lilinijia: labda alitaka tu niwe na mama mwenye nguvu, maana mtoto wa mwanamke aliyegeukia ukuta angekua vipi? Nililishika wazo hilo nusu ya njia. Halikukaa. Wala lile la kwanza halikukaa.

Nyumbani nilifungua kompyuta. Ukurasa wa "Mama" haukuweza kubaki katika Vyangu. Ndani yake hapakuwa na langu, wala la baba, wala la mama. Nilizihamisha hadithi zote kuziweka Vya Kuokota, nikaanza kuandika mistari. Nani alisema: wanawake wa mtaa mmoja wa Goma. Nilizipata wapi: kinywani mwa baba yangu. Ile ya mbabula niliifuta, nikaandika mahali pake maneno ya bibi, kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Nikafika mstari wa tatu, kwa nini nimeiweka, nikashindwa. Niliuacha wazi. Ndicho kitu pekee katika Vya Kuokota kisicho na mstari wa tatu.

Ile ya zamani haikufutika kwa watu. Bado inazunguka. Muuza nyanya huniambia akicheka kwamba anaipokea kila mwezi, siku hizi ikiwa na picha ya maua. Mama mmoja wa kanisa aliuliza kwa nini haioni tena, nikamwambia nilikosea, mambo hayakuwa vile. "Aa, usiiguse," akasema, "ilikuwa nzuri vile." Nilitamani kumpigia kelele mbele ya kanisa.

Na baba alikuwa pale pale barazani. Nilimpelekea chai nikaiweka bila kukaa. Nilimkata kucha, nikambadilisha shati, vyote kimya. Hakujua nimekasirika, na hilo liliniongezea hasira. Aliniomba nimsomee, nikasema nina kazi. Aliomba tena Jumamosi iliyofuata, nikasema simu haina chaji. Hakunung'unika. Aliketi na mikono juu ya magoti akitazama pikipiki.

Jumapili moja alasiri nilivuta kiti nikakaa mbele yake, si pembeni kama zamani. Nilikuwa nimeamua kumsomea maneno ya bibi, usoni. Sitajificha: nilitaka aumie. Nilitaka nione usoni mwake kwamba anajua.

Nilisoma polepole, kwa Kiswahili cha kule. Mvua. Mutoto analia. Makala hakuna. Baba alikuwa na kipande cha mkate mkononi, na mwanamke alipoinyanyua mbabula, alitabasamu, akanyoosha mikono kidogo mbele, kwa mazoea. Niliendelea. Nilipofika mahali mama anakula bila kuinua kichwa, tabasamu liliondoka. Akauweka mkate chini. Nikasoma mama alivyouliza kama malori ya Walikale yameingia. Nikasoma alivyogeukia ukuta. Hapo maneno ya bibi yaliisha, nikainua macho.

Baba alikuwa ameinama kuelekea kwangu. Uso wake ulikuwa na hasira, hasira halisi, ambayo sikuwa nimeiona tangu aanze kusahau.

"Na bwana yake?" aliuliza. "Bwana yake iko wapi?"

Swali hilo nilikuwa nimelibeba tangu Goma ili nimuulize yeye. Sikuwa nimejiandaa kulijibu.

"Iko mu njia ya Walikale, papa. Na camion."

"Bwana gani anaacha bibi vile?" Alianza kutafuta viatu kwa miguu chini ya kiti, mkono mmoja kwenye ukuta. "Hakuna mutu wa kumuita? Hata mutu moja?"

"Camion imekwama, papa. Kuko potopoto."

"Lakini anakuya?"

Macho yake yalinishika kama ya mtoto anayengoja kuambiwa. Nilikuwa na jibu la kweli, limeandikwa pale mkononi mwangu, na nililiona wazi kupita kawaida.

"Anakuya, papa," nilisema. "Iko karibu."

Alikaa tena. Alipumua. Kisha akanyoosha mkono akanifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu kidogo, kama anavyofutwa mtoto mdogo.

"Afanye mbio," akasema. "Mutoto analia."